Adungu ndani ya sebene

Mwaka 2022 tulikuwa na kabendi ketu pale Nsambya, Kampala, karibu wote Wakongo, Jumamosi tunapiga harusi za kwetu, Jumapili kanisani. Katikati ya wiki kila mtu na mishemishe zake, maana hapa Uganda mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kukaa mjini lakini ukichagua mji ujue posho ya kambini umeiacha hukohuko, kodi ya nyumba utajua mwenyewe. Mwimbaji wetu alikuwa anatembeza vitenge na mkewe, mimi nafundisha watoto gitaa.

Sasa Siku ya Wakimbizi Duniani inakaribia, tarehe 20 Juni, jamaa mmoja wa shirika fulani akatuita tupige kwenye sherehe yao, hela ipo, ila tulete "ngoma za asili za Kongo". Nikamuuliza, asili ipi, ssebo, yaani bwana? Ati ngoma, sketi za majani na chokaa usoni, magitaa ya umeme hapana, hayo ni disko.

Ilinikera kweli. Mimi mtoto wa Uvira, nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, redio ya baba ikishika Bujumbura, na sherehe bila rumba hatukuijua, sketi ya majani mimi nimeionea kwenye kalenda! Rumba yenyewe ilikolea na santuri za Kuba zilizoanza kuingia Kongo miaka ya 1930, wazee wetu wakasikia mle ndani midundo ya kwao iliyovushwa bahari na watumwa, wakaichukua wakaifanya yao. Na Desemba 2021 UNESCO ilikuwa imeshaiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Nikamwambia yote hayo, akasema sawa, lakini wageni wanataka kitu cha Kiafrika. Nikanyamaza, hela tulikuwa tunaihitaji.

Aliyetutoa hapo ni jirani, fundi seremala, Mualuri wa Nebbi, upande wa Uganda, jioni akitoka kazini anapiga adungu yake kibarazani. Kama hujawahi kuiona, ni mti uliochongwa kama mtumbwi mdogo ukawambwa ngozi ya ng'ombe, shingo imepinda, na nyuzi zake ni nailoni ileile ya kuvulia samaki. Mwimbaji huniita Yaya, yaani mkubwa wake, akasema, "Yaya, asili si hiyo hapo? Tumuweke mbele, sisi na magitaa tukae nyuma." Lakini huyu si mkimbizi, mmoja akauliza, mzee akacheka, wajomba zake wako Mahagi, upande wa Kongo, mpaka uliwakuta Waaluri wameshakaa.

Mazoezi sasa ndo yalikuwa kazi. Adungu yake ilikuwa chini ya magitaa karibu nusu sauti, akikaza vigingi vinateleza, na mvua ilikuwa imenyesha ngozi imelegea, basi tukashusha sisi, magitaa na besi. Halafu adungu ukishaitengeneza kwenye ufunguo mmoja umebaki hapohapo, huwezi kuhama katikati ya wimbo, ila sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa yanachachamaa watu wacheze, inazunguka kwenye chodi tatu zilezile, haina haja ya kuhama. Nikampa kazi ya misolo, gitaa lile la katikati linalojibizana na solo. Nikampigia kifungu kifupi, akainamisha kichwa, akakirudisha kwa vidole viwili vitatu, sauti kavu, na anaingia kwa kuchelewa kidogo. Nikataka kumrekebisha, mpiga dramu akaninyooshea fimbo: "Mwache!" Tukarudia. Kule kuchelewa ndo kulikuwa utamu wenyewe, nikabaki nacheka peke yangu.

Siku yenyewe jamaa alikunja sura alipoona amplifaya. Tukaanza taratibu kwa Kiswahili cha kwetu, "ziwa limebaki, mimi nimeondoka na nyuzi sita tu", mama zetu wengine wakajifuta macho. Sebene ilipofunguka kijana wetu wa kupiga kelele akachanganya Kilingala na Kiganda, "Tuzine! Tuzine!", yaani tucheze, na hata vijana wa Kiganda waliokuwa wanabeba viti wakaviacha. Yule jamaa mwenyewe nilimwona anapiga picha. Fundi wangu hakucheka wala kunyanyua uso, anapiga tu.

Wiki iliyofuata Muganda mmoja akanipigia, ana kwanjula ya binti yake, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, anataka "ile bendi yenye adungu". Sketi hakuulizia. Bei tukapandisha.