Shangazi, unene wa huku si wa hela

Shangazi kanipigia video jana, kabla hata ya salamu kuisha anacheka, "mwanangu hela zimekukubali, tazama mashavu hayo!" na hapo hapo akaunganisha na habari ya bati za nyumba yake. Nikaitikia kwa heshima, ila limenikaa rohoni.

Jamani mnene wa Dar na mnene wa huku Houston, Marekani, ni watu wawili tofauti. Nyumbani kitambi cha mtu kinaheshimiwa, unajua ana uwezo. Huku wenye hela ndio wembamba, alfajiri wanakimbia barabarani, mchana wanakula majani ya bei mbaya. Tunaofumuka ni sisi wa shifti za usiku. Chipsi kuku ambayo bongo ni ya mwisho wa mwezi, huku ndiyo ya asiye na kitu, na soda juu. Pale Costco, duka kubwa la jumla, hotidogi na soda ni dola 1.50 tangu 1985, haijapanda! Sasa geukia kwenye matunda, embe moja, nasema moja, dola na zaidi na harufu halina. Serikali yao inatoa ruzuku kwa wakulima wa mahindi, mahindi yanageuzwa sukari ya maji, hiyo ndiyo imejaa kwenye soda na tomato sosi, hata kwenye mikate mingine. Halafu mnashangaa watu wazima kama wanne katika kumi huku wana unene uliopitiliza.

Na kama huna gari ndio basi, mji huu haujajengwa kwa miguu, duka la jirani ni la kituo cha mafuta, donati na krispi tu.

Ninyi mnaosubiri viza, hasa vijana wa kiume mliozoea kupikiwa na dada, jifunzeni kupika kabla hamjapanda ndege. Mchele na choroko nunueni maduka ya Wahindi, kwa mfuko mkubwa. Mboga mimi nilioneshwa na bibi mmoja Mmarekani mweusi, alinikuta dukani nahesabu chenji mbele ya kipakti cha spinachi, akanivuta mkono hadi kwenye koladi. Ni sukuma wiki kabisa! Fungu zima kama dola mbili. Yeye anapikia shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, mimi natia tui la kopo, inashuka na ugali vizuri tu.

Ila ugali wenyewe ni wa sembe, dona sijauona. Anayejua duka linalouza aseme.