Bibi Margaret haitiki, muite Peggy

Enzi hizo nafanya kea homu kule Leeds, kulea wazee, kazi ambayo wengi wetu ndo tunaanzia ukifika Uingereza. Jioni moja ya baridi kali jamaa akamleta mama yake, akamkalisha karibu na hita, akatwambia huyu anaitwa Peggy, akambusu akakimbilia treni. Naja kufungua faili, Peggy hayupo. Chati imeandikwa Margaret, boksi la dawa Margaret, barua ya hospitali Margaret, na dawa pale hutoi kwa kukisia, ukimpa asiye wake kibarua kimeota nyasi.

Nikamuita kwa adabu zote, Margaret, Margaret, bibi wa watu kimya anaangalia dirisha tu. Kuna babu alikuwa pembeni anachovya biskuti kwenye chai, tunamwita Dick, akacheka mpaka biskuti ikakatikia kikombeni. Muite Peggy bwana, hilo lingine la kanisani! Nikaita Peggy, akageuka fasta, "Unasemaje mwanangu?" Nikacheki picha na tarehe ya kuzaliwa, nikampigia na mwanae, kila kitu sawa, akameza vidonge vyake.

Dick mwenyewe kwenye cheti ni Richard. Usiku ule akanipiga darasa, kwamba zamani majina yao yalikuwa machache, kijiji kimejaa akina William na Robert, sasa utawatofautishaje, watu wakawa wanalikata jina halafu wanabadili na herufi ya mbele, Rick akawa Dick, Will akawa Bill, Rob akawa Bob, Margaret akawa Meg halafu Peg. Hata ikulu yao haijapona: Prince Harry kabatizwa Henry, Malkia Elizabeth nyumbani alikuwa Lilibet kwa sababu utotoni jina lake lilimshinda kutamka, na baba yake, Mfalme George VI, kwa ndugu zake ni Bertie, maana jina lake la kwanza Albert (hiyo George sijui ilikuwa ya kazini).

Kilichomkera Dick ni wazazi wa siku hizi kuandika Alfie na Archie moja kwa moja kwenye cheti. Sasa huyo akikua watamkata nini tena?

Akaniuliza na mimi kwetu naitwaje, maana beji inasema Abdallah. Nikamwambia Dulla. Akalirudia mara mbili tatu, akaridhika, kesho yake koridoo nzima Dulla, Dulla. Isipokuwa Peggy, yeye alishaamua mimi ni Dave.