Tisa Tatu Mlangoni

Jirani yetu hapa Ipagala, Dodoma, mama mtu mzima ambaye huongoza sala za jumuiya, alinigongea mlango asubuhi moja akiwa na uso wa mtu aliyebeba habari nzito. Kwenye mlango wa chumba cha uani, anakolala mpwa wangu, alikuwa ameona tisa tatu zilizoandikwa kwa chaki. "Jirani," aliniambia kwa sauti ya chini, "hebu zisome ukiwa umepindua kichwa." Nilipopindua kichwa nikaona sita tatu, namba ya yule mnyama wa Ufunuo, nikaelewa kwa nini usiku ule hakupata usingizi.

Mpwa wangu alicheka nilipomuuliza, na kicheko hicho kilinishangaza kwa sababu sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba yake. Kisha akanieleza kwamba jirani alikuwa amekaribia ukweli kuliko alivyodhani. Alama hiyo ni ya Juice WRLD, mwanamuziki wa Marekani, ambaye mwenyewe alieleza kuwa ni 666 iliyopinduliwa: ubaya uliokupata unauchukua na kuugeuza uwe kitu cha kukusogeza mbele.

Jina hilo nilikuwa nimeliona kwenye fulana za vijana mjini bila kulitilia maanani. Lililonifanya nikae kitako na kusikiliza ni barabara ya kutoka Kongwa. Siku tuliyomzika shemeji yangu, kila mzee aliyempa kijana mkono wa pole alimwambia neno lile lile, "jikaze," naye akajikaza hadi nikaogopa. Tulipokuwa tunarudi, baada ya kuipita njiapanda ya Mbande, niliona amevaa spika za masikioni, amegeuzia uso dirishani, na mabega yanamtikisika. Nilijifanya kutazama barabara mpaka Ihumwa. Wakati huo niliwaza kwamba kuna mtu fulani ndani ya simu ile aliyemruhusu kulia, ruhusa ambayo sisi wajomba na baba zake wadogo, pamoja na wingi wetu, hatukuwa tumempa.

Jarad Higgins, ndilo jina la kuzaliwa la Juice WRLD, alizaliwa Chicago tarehe 2 Desemba 1998 na kulelewa na mama yake katika vitongoji vya jiji hilo. Mama huyo, Carmela Wallace, alikuwa mshika dini aliyemkataza mwanawe kusikiliza rapu, ingawa alimruhusu kujifunza piano na gitaa. (Nilipomsimulia jirani jambo hili, alipunguza ukali kidogo.) Pengine ndiyo maana nyimbo zake zina gitaa na kilio cha roki zaidi ya majigambo ya rapu niliyoizoea mimi. Wimbo uliomtangaza duniani mwaka 2018, Lucid Dreams, ambao ulifika nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard ya Marekani, umejengwa juu ya gitaa la wimbo wa mwaka 1993 wa Sting, mwanamuziki wa Uingereza. Kaseti yenye gitaa lile niliwahi kuimiliki nikiwa kijana. Mpwa wangu alipoucheza, nami nikauvumisha mluzi kabla sauti ya mwimbaji haijaingia, alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

Nguvu yake naiona zaidi katika jinsi alivyoimba kuliko katika maneno. Mara nyingi hakuandika mashairi. Mdundo ulipigwa studio naye akaimba papo hapo kilichomjia. Mwaka 2018 alikaa katika redio moja jijini London akighani bila karatasi kwa takriban saa nzima, jambo ambalo malenga wetu wangelipigia makofi hata bila kuelewa lugha. Faida ya mtindo huo ni kwamba neno hutoka kabla halijavalishwa nguo za heshima. Anarudia, anakatisha, anabadili wazo katikati, kama anavyosema mtu aliyeamshwa na ndoto mbaya. Rafiki wa mpwa wangu, dereva wa bodaboda aliyeishia darasa la saba na ambaye Kiingereza chake ni cha kuulizia nauli tu, huimba nyimbo hizo kwa maneno ya kubuni, lakini pale sauti inapovunjika na yake huvunjika.

Sisemi kwamba kila kitu chake ni kizuri. Katika albamu yake ya kwanza wanawake hubebeshwa lawama ya kila jeraha, na baada ya nyimbo tano nilitamani kusikia upande wa pili. Vidonge vya kulevya navyo vimo katika karibu kila wimbo, vikisifiwa kama dawa ya moyo na kulaumiwa kama kaburi, mara nyingine ndani ya ubeti mmoja. Mwaka 2018, baada ya wanamuziki wenzake wawili, Lil Peep kufariki akiwa na miaka 21 na XXXTentacion kuuawa akiwa na miaka 20, aliimba kwamba kizazi chao hakivuki hata miaka 21. Yeye mwenyewe alianguka katika uwanja wa ndege wa Midway, Chicago, tarehe 8 Desemba 2019, siku sita baada ya kutimiza miaka hiyo 21. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni sumu ya oksikodoni, dawa kali ya kutuliza maumivu, na kodeini. Nilimweleza mpwa wangu waziwazi kwamba kodeini hiyo ndiyo ile ya sirapu za kikohozi wanazochezea baadhi ya vijana, na kwamba aliyeieleza hatari kwa ufasaha wote ule bado ilimuua.

Kwa upande wa urithi aliouacha, sijatulia. Tangu azikwe zimetoka albamu mwaka 2020, 2021 na 2024, kutokana na rekodi nyingi alizoziacha. Sisi tuna arobaini; watu hukusanyika, matanga yanaondolewa, na mfiwa anaruhusiwa kurudi shambani. Shabiki wa Juice WRLD hana arobaini, kwani kila marehemu anapotoa albamu, kilio huanza upya, na kuna wanaopata fedha kwa hilo. Ninachokiheshimu bila shaka ni alichofanya mama yake. Hakusema mwanawe aliugua ghafla, kama tungesema sisi. Mwaka 2020 alianzisha taasisi iitwayo Live Free 999, akaanza kuzungumza hadharani juu ya uraibu, wasiwasi na sonona.

Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, na jina lake tumelifanya utani: mtu akisema jambo lisiloeleweka huulizwa ametoka Mirembe lini. Nami nimeutumia utani huo mara nyingi, mezani, mbele ya kijana huyu. Katika mji wa namna hiyo, kijana wa miaka 19 atamwambia nani kwamba usiku unamtisha? Ataandika tisa tatu kwa chaki, na wanaojua watajua.

Tulipokwenda Kongwa kwa ajili ya arobaini nilimwomba aunganishe simu yake na redio ya gari. Alisita, akachagua wimbo wa taratibu. Tulipoipita Chamwino alipunguza sauti mwenyewe na kusema, "Mjomba, baba alikuwa halali usiku. Alikuwa anakaa uani peke yake. Mimi nilikuwa namwona dirishani, ila sikumwambia mtu."

Nilisogeza gari pembeni, chini ya mbuyu, nikazima injini.