Nusu saa mbele ya lango la Graham Court

Nililipa dola 110 kwa usiku mmoja kwa sababu ya picha. Tangazo lilionyesha lango refu la tao na ua mpana nyuma yake, likadai chumba kimo ndani ya jumba la kale la Harlem, New York. Nikafika usiku, teksi ya kutoka uwanja wa ndege wa JFK imeshanimaliza: nauli ni dola 70, ukiongeza ushuru na bakshishi unakaribia 90. Chumba hakikuwa ndani ya jumba lolote. Kilikuwa mtaa mwingine, nusu yake chini ya ardhi, dirisha linatazamana na mapipa ya taka. Mwenye chumba hakupokea simu usiku ule, na fedha zangu hajazirudisha hadi leo.

Mabomba ya mvuke, yale ya kupasha nyumba joto, yaligonga ukutani hadi alfajiri. Nikaapa nitaliona lile jumba la kwenye picha, hata kama ni kwa nje tu.

Halikuwa mbali. Graham Court limeshika barabara ya Adam Clayton Powell kuanzia mtaa wa 116 hadi wa 117. Ni orofa nane: za chini za mawe yaliyochongwa mapande makubwa, za juu za matofali. Tajiri William Waldorf Astor ndiye aliyeagiza lijengwe kati ya 1899 na 1901, na wasanifu wake, Clinton na Russell, waliiga majumba ya wakubwa wa Italia wa zama za Renaissance, karne ya 15 na 16, yale ambayo kwa nje ni ngome na maisha yote yamo uani. Miaka michache baadaye Astor aliwarudia tena, wakamjengea jumba la Apthorp kule barabara ya Broadway, lililokamilika 1908.

Nilisimama ng'ambo ya barabara kama nusu saa. Babu yangu alikuwa fundi mwashi Mji Mkongwe, Unguja, na mimi ukuta siupiti hivi hivi.

Bibi mmoja alikuwa akirudi na kigari cha soko, gurudumu limenasa kwenye ukingo wa njia. Nikavuka kumsaidia. Akaniuliza nimepoteza nini mbona natazama juu muda wote ule. Nikamweleza habari ya chumba, na ya babu. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi nisukumie kigari mpaka ndani, mwanangu, ukaone mwenyewe."

Chini ya lango nikasimama tena. Dari ya njia ile ni ya tao, imepangwa vigae vyembamba, tabaka juu ya tabaka, vimeshikana kwa saruji ya kukauka haraka. Hakuna boriti hata moja. Ni ufundi wa Rafael Guastavino, Mhispania aliyehamia Marekani 1881. Kwetu upana wa chumba huamuliwa na mti: boriti ya mkoko ikikupa mita tatu hivi, umepata nyingi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Nilimkumbuka babu akipima boriti kwa dhiraa na kuzikataa zilizopinda. Laiti angeliona dari ile akiwa hai.

Kisha ua. Makelele ya barabara yakakatika, ikabaki sauti ya magurudumu ya kigari. Madirisha yalituzunguka pande zote nne. Bibi akanionyesha lake, juu kushoto, akasema lilipojengwa jumba hili watu weusi hawakuruhusiwa kupanga, hadi 1928, wakati sehemu kubwa ya Harlem imeshajaa wao. "Sasa ni kwetu," akasema, na mkono wake aliuweka ukutani alipokuwa akisema hivyo.

Siku nne zilizobaki sina la kuziandikia. Apthorp nalo nililiona, kupitia vyuma vya lango lake. Treni wakati ule ilikuwa dola 2.90 kila ukipanda, sahani ya wali kwa samaki mtaa wa 116, kwa Wasenegali, dola 18, na sikujuta, maana ndicho chakula pekee kilichonishibisha.

Lakini bibi aliniuliza swali pale uani ambalo nimerudi nalo: "Na nyumba aliyojenga babu yako, bado ipo?"

Ipo Kiponda, mle Mji Mkongwe, nikamwambia. Ina ua kama huu, mdogo, wenye kisima. Paa la nyuma limeanguka. Kuta za mawe na chokaa tulizipiga saruji tukidhani tunaziimarisha; maji ya mvua yakaingia ndani yasipate pa kutokea, ukuta ukaanza kubwaga mawe. Tangu sehemu ya jumba la kale la Beit el Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020, mama hapendi hata kupita uchochoro ule. Warithi tuko kumi na wanne, na hatujakaa kikao hata kimoja.

"Nani ana ufunguo?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Usiku ule, Unguja kumeshapambazuka, nilimpigia ami yangu. Akasema ufunguo anao yeye, uko kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati.