Nilivyowasha tarakimu kubwa za LED za ubao wa magoli kwa Arduino ya voti 5, huku Ujiji

Wadau habari zenu. Nawaona wengi wananunua zile seveni segimenti (tarakimu za vipande saba vya LED) kubwa za inchi 4, wanazichomeka moja kwa moja kwenye Arduino, kile kibodi kidogo cha kuprogramu, kama zile ndogo, haziwaki, wanasema mbovu. Sio mbovu. Ngoja nieleze nilivyotengeneza ubao wa magoli na dakika wa uwanja mmoja wa mtaani huku Ujiji, tarakimu nne, inatembelea betri ya voti 12 ya pikipiki na sola maana pale uwanjani umeme hakuna.

Iko hivi, tarakimu ndogo kila kipande kina LED moja, nyekundu inataka kama voti 2 tu, kwa hiyo voti 5 zinatosha na zinabaki. Hizi zangu kipande kimoja kina LED tano zimeungwa mfululizo, yani mpaka ziwake unahitaji voti 9.5 hivi. Hata mita ukiiweka kwenye dayodi haiwashi kitu. Nlichofanya ni kuchukua betri ya voti 12 na rizista ya kilo omu 1, nikawa nagusa mguu mmoja mmoja huku naandika kwa maka pen mgongoni mwa tarakimu huu a, huu b, huu c. Kile kitone cha desimali kilikua na LED mbili tu, kwa hiyo rizista yake haiwezi kua sawa na ya vipande vingine, hapo muwe makini sana.

Afu kuna suala la ampea. Pini ya ATmega328P, ile chipu ya kwenye Arduino, mwisho wake kabisa ni miliampea 40, na chipu nzima 200. Kipande kimoja nakipa 20, tarakimu nne zikionyesha 8 zote ni vipande 28, hiyo ni miliampea 560. Arduino haibebi hiyo hata iweje. Yenyewe iachiwe kazi ya kufikiri tu, mzigo wa umeme abebe mwingine.

Huyo mwingine kwangu ni TPIC6B595, moja kwa kila tarakimu. Ni shifti rejista, yani chipu inayopokea data kwa waya mmoja na kuigawa kwenye miguu minane, kama 74HC595 tunayoijua wote ila matokeo yake yanavuta kwenda hasi tu, kila mguu unabeba miliampea 150 na kuvumilia mpaka voti 50. Ndo maana nlichukua tarakimu za komoni anodi, zile ambazo chanya za vipande vyote zimeungwa pamoja, mguu wa pamoja unaenda chanya ya umeme mkubwa na vipande vinavutwa chini na chipu, zile voti kubwa hazigusi Arduino kabisa. Ukinunua komoni katodi, ambazo hasi ndo zimeungwa pamoja, utalazimika kukata upande wa chanya, na ukiweka transista ya PNP peke yake kwenye voti 12 ukaiendesha na pini ya voti 5 haizimi, maana 5 bado iko chini sana ukilinganisha na 12, na pini yenyewe unaiweka hatarini. Kama TPIC hupati, 74HC595 ikisaidiwa na ULN2803, chipu ya transista nane za kuvuta kwenda hasi, nayo inafanya kazi, ila inakula kama voti 1 njiani, ihesabu.

Sasa betri. Kwa voti 12 hesabu inatoa rizista ya omu 120, safi, lakini jua likiwaka vizuri sola inapandisha betri mpaka 14.4 na kipande kinakula 40, jioni ikishuka 11 kinakula kama 12 tu, unaona mwanga unapanda na kushuka. Nikaweka kile kimoduli cha kupandisha umeme, XL6009, nikakifunga kwenye voti 15, rizista zikawa omu 270 za robo wati, kitone omu 560. Mwanga umetulia. Hasi ya Arduino na hasi ya umeme mkubwa lazima ziungane, na kila TPIC iwe na kapasita ya nanofaradi 100 karibu na mguu wake wa umeme.

Maltipleksi, yani kuwasha tarakimu moja moja kwa zamu ya haraka, sikutaka kabisa. Tarakimu nne zikipokezana kila moja inawaka robo ya muda, na jua la Kigoma la saa kumi sio la kufanyia mchezo. Kila kipande kinawaka muda wote. Ubao nao tumeupa mgongo ziwa, maana jioni jua linashukia upande wa Kongo na lingepiga usoni namba zisingesomeka, afu mbele nikaweka plastiki nyekundu iliyokolea. Mguu wa G wa TPIC, unaowasha na kuzima matokeo yote, nimeupeleka kwenye pini ya PWM, yani inayowasha na kuzima kwa kasi, giza likianza kuingia napunguza mwanga, na una rizista ya kwenda voti 5 ili ukiwasha ubao zisitokee namba za ajabu kabla programu haijaanza.

Kocha wa vijana alivyoona akaniambia, "Fundi, si tubonyezee magoli kwenye simu?" Nikahamia ESP32, kibodi kama Arduino ila kina Wi-Fi na Bluetooth, ambayo inatoa voti 3.3, na TPIC ikiwa kwenye voti 5 inataka angalau 4.25 ndo ihesabu kua ni moja. Katikati nikaweka 74HCT125, chipu ya kupokea ishara na kuitoa ikiwa na nguvu, kwenye voti 5, yenyewe kuanzia voti 2 inaelewa, waya zote nne za data zinapita humo. Rizista na tarakimu sikugusa.