Miaka saba ya kusukuma theluji Minnesota: angalia kwanza maji yatapita wapi

Nimemaliza msimu wangu wa saba wa kusukuma theluji hapa Minnesota, na mwaka huu hakuna mteja aliyenipigia simu kwamba mtu kateleza. Hata mmoja. Nimelisubiri hilo tangu msimu wa kwanza. Nawaandikia hasa vijana wetu wanaofika huku na udereva mzuri mkononi wakidhani kazi hii ni kushika usukani tu.

Mimi ni mtu wa Moshi. Theluji niliyoijua ni ile ya Kibo, unaiona asubuhi mawingu yakifunguka, basi. Nimeendesha Fuso miaka mingi, mlima wa Kitonga nimepanda na kushuka usiku wa mvua, kwa hiyo nilipokabidhiwa pikapu yenye bledi mbele, yaani lile bapa kubwa la chuma la kusukumia theluji, nilijiona nimeshafuzu. Kaka mmoja aliyenitangulia kazini akaniambia, "Ndugu yangu, we kanyaga mafuta tu. Theluji ni pamba." Ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Theluji mbichi ni pamba kweli, lakini chini yake kuna kingo za zege, mifuniko ya chemba na mabonge ya barafu ya juzi. Wiki ya pili nikagonga ukingo uliofunikwa, nikiwa kwenye kama maili 20 kwa saa. Bledi ina springi zinazoifanya iiname ikigonga kitu kigumu, ila ukiwa na kasi hiyo springi hazikusaidii. Mkanda ndio ulionizuia nisipige uso kwenye kioo. Fremu ilipinda, matengenezo yakala dola elfu moja na ushee. Sasa ndani ya paking sizidi maili 8 au 10, na kila Oktoba napita kupigilia vijiti vya rangi ya chungwa kwenye kila ukingo na kila bomba la zimamoto. Usingoje Desemba, ardhi ikishaganda kijiti hakiingii hata kwa nyundo.

Lakini kosa lililonifundisha kazi halikuwa hilo.

Kulikuwa na paking ya duka la vyakula Brooklyn Park, ina mteremko mdogo ambao kwa macho huuoni. Nilisukuma theluji yote upande wa mashariki kwa sababu ndiko njia ilikuwa fupi na imenyooka. Nikajenga lundo refu kama lori, nikalichonga kingo, bosi akanisifu. Siku tatu baadaye jua likatoka, mchana ukapanda kidogo juu ya sifuri, na lundo likaanza kulia. Maji yakashuka taratibu, membamba, yakatambaa paking nzima hadi mlangoni. Mashariki ndiko kulikokuwa juu! Usiku yakaganda.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia. Mama mmoja wa zamu ya asubuhi ameanguka mbele ya mlango, kiwiko kimeteguka. Nilipofika sikuona barafu yoyote, niliona lami nyeusi inayong'aa kama imelowa. Nikashuka, mguu ukaniponyoka nikiwa bado nimeshika mlango wa gari. Nikamwaga chumvi, gunia la kwanza, la pili. Nikachuchumaa na tochi nikitazama: punje zimekaa juu ya barafu kama mchanga juu ya kioo, haziyeyuki wala hazizami. Joto lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba chumvi ya kawaida hufanya kazi kwa kugeuka maji ya chumvi kwanza, na kwamba ikipita kama nyuzi 9 chini ya sifuri inalegea sana. Siku ile iliyosaidia ni mchanga, na baadaye kloridi ya kalsiamu, ambayo bei yake ni ya juu lakini inavumilia baridi zaidi. Kuongeza chumvi juu ya chumvi ni kutupa pesa na kuharibu maziwa yao: wakala wa jimbo unaosimamia uchafuzi wa mazingira unafundisha kwamba chumvi ya kijiko kimoja cha chai inatosha kuchafua galoni 5 za maji, na ikishaingia haitoki.

Basi nikabuni njia yangu. Nikipata paking mpya, nasubiri mvua ya Septemba. Naenda na koti la mvua, karatasi kwenye mfuko wa nailoni, nasimama nusu saa nikitazama maji yanakokimbilia. Nachora mishale. Wenzangu waliniuliza nimepoteza nini pale. Karatasi hiyo ndiyo inayoniambia lundo litakaa wapi: upande wa chini, jirani na tundu la maji, lakini kamwe si juu ya tundu lenyewe, maana ukiliziba umetengeneza bwawa. Na theluji ya kwanza isukume mbali kabisa, hata kama ni kidogo. Lundo la Novemba likishakuwa jiwe halisogei, na kufikia Januari paking imeliwa nusu. Kuitupa ng'ambo ya barabara ya umma usijaribu, sheria ya Minnesota inakataza.

Mengine: milangoni anza kwa kuivuta theluji kinyumenyume kutoka ukutani. Usingoje ifike sentimita 20, piga kila zikifika 5 au 7. Ukisafiri barabara kuu, ishushe bledi kiasi na uikunje pembe, la sivyo rejeta haipati upepo na injini inachemka katikati ya baridi kali. Rivasi ndiyo inayogonga wengi, futa kioo cha nyuma kila unaposimama. Ukishuka, bledi iwe chini kabisa. Na ukikwama, angalia ekzosi haijazibwa kabla ya kukaa ndani na hita.

Machi hii nilipita duka lile lile alfajiri, nyuzi 6 chini ya sifuri, baada ya mchana wa jua. Nikaburuza buti kwenye lami mbele ya mlango. Kavu. Mama yule wa zamu ya asubuhi akaja na mkoba wake, akanisalimia, akapita bila kutazama chini.