Nilivyoweza kuandika kwa mawimbi ya ubongo, bila kugusa kibodi

Watu wengi wakisikia kuandika kwa ubongo wanadhani mashine inasoma mawazo, yaani wewe unawaza herufi M na kompyuta inaijua papo hapo. Haiko hivyo. Kinachosomwa ni vile ubongo unavyoshtuka ukiona kitu ulichokuwa unakisubiri. Mimi nilitumia njia ya P300, ile watafiti Farwell na Donchin waliyoionyesha mwaka 1988, kwenye skrini kuna jedwali la alama 36, mistari sita ya kulala na sita ya kusimama, mistari inawaka mmoja mmoja bila mpangilio na wewe unakazia macho herufi unayoitaka, kila ikiwaka unahesabu kimoyomoyo. Katika kila mzunguko wa miwako 12 ni miwili tu inayoigusa herufi yako, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na kwa kuwa inakuja kwa nadra ubongo unatoa wimbi linalopanda juu kama milisekunde 300 baadaye, wakati mwingine zaidi kidogo, na hilo ndilo linaitwa P300. Kompyuta ikishajua ni mistari gani miwili imekushtua, pale inapokatana ndipo ilipo herufi yako.

Nilifikiria pia ile njia nyingine ya mwanga unaopepesa, ambapo kila herufi ina kasi yake, moja inapepesa kwa hezi 10, yaani mara 10 kwa sekunde, nyingine 12, na sehemu ya nyuma ya ubongo inafuata kasi hiyohiyo unayoiangalia. Ile ni ya haraka kweli, mwaka 2015 watafiti wa China walifikisha mpaka karibu herufi moja kila sekunde, lakini macho yangu yalichoka mapema sana nikaiacha. Na hapa niseme wazi, mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga asijaribu yoyote kati ya hizi kabla ya kuongea na daktari.

Haya, kuvaa kofia ya kupima umeme wa ubongo. Nilitumia elektrodi nane, yaani vihisi vinavyogusa ngozi ya kichwa, Fz, Cz, Pz, Oz, P3, P4, PO7 na PO8 (hayo ni majina ya sehemu za kichwa, Fz iko mbele, Pz iko nyuma ya utosi), seti ambayo inatumika sana kwa kazi hii. Kazi kubwa hapa ni nywele, lazima uzitenganishe pale chini ya elektrodi mpaka ngozi ionekane ndipo utie jeli, na usitie nyingi mno maana ya elektrodi moja ikitambaa ikagusana na ya jirani basi hizo mbili zinakuwa kama moja. Ishara yenyewe ni ndogo mno, maikrovolti chache, halafu imezama ndani ya mawimbi mengine ya ubongo ambayo ni makubwa kuliko yenyewe, ni kama mtu anakunong'oneza katikati ya soko. Ukiuma meno tu, skrini nzima inachafuka. Ukipepesa macho, unaona mlima mzima kwenye Fz. Kwa hiyo nilijizoesha kulegeza taya na mabega, na kupepesa macho baada ya herufi kuisha, sio katikati.

Ili mnong'ono usikike unarudia mizunguko na kuchukua wastani. Kelele inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio, maana yake ukirudia mara 16 kelele inashuka hadi robo. Mimi nikarudia, nikarudia, na wimbi halikutokea, mstari umelala tu. Hapa ndipo wengi wanakimbilia kubadilisha programu ya kuchambua, wanatafuta hesabu ngumu zaidi, na nadhani ndiko wanakopotelea.

Shida ilikuwa muda. Programu inaandika "mstari wa tatu umewaka sasa", lakini skrini inauonyesha baadaye kidogo, na kuchelewa kwenyewe hakulingani, mara kidogo mara kingi. Kama kuchelewa kungekuwa kulekule kila mara isingekuwa neno, wimbi lingesogea tu pembeni. Lakini kukibadilikabadilika ukichukua wastani vilele havikutani, vinafutana. Nilichofanya, nikaweka mraba mdogo mweusi pembeni ya skrini unaogeuka mweupe kila mwako unapotokea, nikabandika kihisi cha mwanga juu yake kwa gundi ya karatasi, waya wake nikauchomeka kwenye chaneli iliyobaki ya amplifaya, kile kifaa kinachokuza ishara za elektrodi. Sasa mwako na ubongo vinarekodiwa na saa moja. Nikafunga programu zote nyingine, nikafungamanisha miwako na skrini yenyewe, ambayo kwa hezi 60 inajichora upya kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Nilipochukua wastani tena wimbi likasimama pale Pz, safi kabisa, kwa herufi niliyoikazia tu, na kwa nyingine hakuna kitu. Nilifurahi mno, sikutegemea kuliona kwa macho yangu hivyo.

Baada ya hapo mengine yalienda vizuri. Unaipa programu herufi zinazojulikana kwanza ijifunze wimbi lako lilivyo, maana la kila mtu lina umbo lake, na hesabu rahisi ya kutenganisha makundi mawili kwa mstari, miwako yenye wimbi na isiyo nalo, inatosha. Nikaandika MAJI. M ikaja, A ikaja, J ikaja K. Hiyo ni kawaida, K ni jirani yake, mstari wa kulala ulipatikana ila ule wa kusimama pembeni ukiwaka unakuvuta jicho bila kupenda. Dawa yake ni kuacha kuwasha mistari mizima na kuwasha makundi ya herufi zilizotawanyika ili majirani wasiwake pamoja, wenzetu walishaitoa njia hiyo mwaka 2010. Nikabadilisha, J ikawa J.

Kasi? Pole pole, herufi mbili tatu kwa dakika, na hata wale wa 1988 walipata kama 2.3. Kwa mtu mwenye mikono ni kidogo, kwa ambaye ugonjwa umemfunga mwili mzima ni sentensi yake mwenyewe, na ndiyo sababu iliyonifanya nianze. Ila jedwali hili linategemea sana macho, asiyeweza kuyaelekeza kwenye herufi usahihi wake unashuka sana. Kwa huyo herufi zinatakiwa zije zenyewe katikati ya skrini, moja baada ya nyingine kwa haraka, yeye anasubiri yake ipite. Hiyo ndiyo naijenga sasa, na kihisi cha mwanga nimeshakibandika tayari.